Maiki moja yatosha: Tusiiue sauti ya mzee kwa spika

MZEE aliketi kwenye kigoda, akaiegemeza rababa yake kifuani, akajaribu nyuzi zote tano. Ukumbi ulikuwa na watu wapatao mia tatu, wengi wao vijana. Kijana wa mitambo akamletea maiki aliyokuwa akiitumia mshereheshaji, akaisogeza mpaka ikagusa ndevu zake, kisha akapandisha sauti.

Spika zikapiga mluzi uliowafanya watu wazibe masikio. Mzee akaacha, akasubiri, akaanza upya. Safari hii sauti ilitoka nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, na rababa haikusikika kabisa. Baada ya dakika tatu mshereheshaji alimshukuru harakaharaka, akachomeka simu yake kwenye mitambo, na muziki wa kisasa ukaanza kurindima. Vijana wakashangilia. Mzee akaifunga rababa yake kwenye kitenge, akatokea mlango wa pembeni.

Hiyo ilikuwa hapa Juba, miaka michache baada ya Sudan Kusini kupata uhuru wake Julai 9, 2011. Aliyemwalika mzee huyo ni mimi. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu kwamba siku hiyo wangesikia nyimbo za mababu zao. Walichosikia ni mluzi.

Nilipokwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Ustaz, wale watu walikuja kunisikia mimi au kuisikia ile mashine?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonifanya, mimi mwalimu nisiye fundi, nianze kukaa karibu na mafundi mitambo, kuuliza, kujaribu na kukosea. Makala haya ni matokeo ya kukosea huko. Nilichojifunza ni kwamba muziki wetu wa asili hauhitaji mitambo mikubwa ili usikike. Mara nyingi unahitaji maiki moja, spika moja au mbili, na mtu anayejua pa kuziweka.

Wimbo ni maneno

Katika nyimbo nyingi za watu wetu, ala ni msindikizaji. Mzigo wenyewe ni maneno. Mwanamume wa Kidinka huimba wimbo wa dume lake la ng'ombe, mikono ameiinua mfano wa pembe, na ndani ya wimbo huo mna ukoo wake, mahari yake, ugomvi wake na jamaa zake, na shukrani kwa aliyemfaa siku ya shida. Msomi wetu Francis Mading Deng alipochapisha kitabu chake, The Dinka and Their Songs, mwaka 1973, aliwaonyesha wasomaji wa nje kwamba nyimbo hizo si burudani ya kupitisha muda. Ndimo jamii inamowekea kumbukumbu zake na ndimo mtu anamotolea hoja zake.

Kwa hiyo wimbo ambao maneno yake hayasikiki ni sawa na barua iliyolowa maji. Bahasha imefika, habari haikufika.

Tena lugha zenyewe zinadai usikivu. Katika Kidinka, irabu moja yaweza kuwa fupi, ndefu au ndefu zaidi. Yaweza kutamkwa kwa sauti ya kawaida au kwa sauti yenye pumzi. Yaweza kupanda au kushuka kwa toni. Kila badiliko laweza kuleta neno jingine kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wa SOAS ya London waliuchunguza uhusiano huo wa matamshi na nyimbo za Kidinka katika mradi ulioanza mwishoni mwa muongo wa 2000.

Sasa mchukue mwimbaji wa lugha ya namna hiyo, umpitishe kwenye spika iliyojaa besi, kisha umwongezee ule mwangwi ambao mafundi wengi huupenda. Pumzi inamezwa, irabu ndefu na fupi zinalingana, toni zinagongana. Mjukuu aliyeketi mstari wa tano anasikia kelele yenye sauti ya babu yake, basi.

Sisi tuliosomea ukimbizini tunaujua uzito wa jambo hili. Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, wengi wetu tulifika mikono mitupu. Nyimbo zilifika kwa sababu zilibebwa vichwani. Baadaye watu wakajirekodi kwenye kaseti na kuzituma kwa ndugu waliotawanyika nchi mbalimbali. Wimbo ukawa ndiyo barua. Kaseti zile zilikwaruza, lakini neno lilisikika.

Leo hatari ni nyingine. Mapigano ya Desemba 2013 na yale ya Julai 2016 yalitutawanya tena. Wapigaji wa ala hizi sasa wengi wao ni wazee, na wanapokutana na vijana wa mjini ni kwenye hafla: arusi, siku ya utamaduni shuleni, sherehe ya kanisa, mashindano ya mieleka. Hafla hizo zote zina spika. Kwa hiyo fundi wa spika, atake asitake, amekuwa bawabu kati ya babu na mjukuu.

Kwa nini spika hupiga mluzi

Ndugu msomaji, mluzi si ushirikina wala si lazima uwe ubovu wa maiki. Maiki hunasa sauti, mitambo huikuza, spika huitoa. Sauti ya spika ikirudi kwenye maiki hukuzwa tena, hutoka tena, hurudi tena. Mzunguko huo ukishakolea ndipo tunasikia mluzi. Anayeuleta mara nyingi ni aliyepanga vyombo.

Jambo la kwanza la kuangalia ni umbali. Mdomo ukiwa sentimita 60 kutoka kwenye maiki, kisha ukausogeza hadi sentimita 30, sauti inayoingia hupanda kwa desibeli 6 hivi bila mtu kugusa kitufe chochote. Hiyo ni faida ya bure. Lakini ukikaribia mno, sentimita chache tu kutoka mdomoni, maiki nyingi za mkononi huongeza besi zenyewe. Hiyo ndiyo "sauti ya pipa" iliyomtia aibu mzee wangu.

La pili ni upande. Maiki nyingi za mkononi, kama ile Shure SM58 iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo umbo lake limeigwa dunia nzima, husikia vizuri mbele, hafifu ubavuni, na karibu hazisikii nyuma. Kwa hiyo mgongo wa maiki ndio uelekee upande wa spika. Na mtu asikishike kichwa chake kwa kiganja, kama wafanyavyo vijana wengi jukwaani. Chini ya kile kichwa cha wavu mna matundu yanayoisaidia maiki kuikataa sauti ya nyuma. Ukiyaziba, maiki inasikia kila upande, na mluzi unaanza.

La tatu ni idadi. Kila unapozidisha maiki zilizo wazi mara mbili, unapoteza desibeli 3 hivi za nafasi uliyo nayo kabla ya mluzi. Ukitoka maiki moja hadi nne umepoteza desibeli 6. Yaani faida yote uliyoipata kwa kumsogeza mwimbaji imekwenda na maji. Kundi la watu wanane kupewa maiki nane laonekana kama heshima. Kwa muziki usio na umeme ndani yake, mara nyingi ni adhabu.

Wakubwa walitumia moja

Kutumia maiki moja si dalili ya umaskini, na historia inatushuhudia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri za taarab. Kurekodi kwa kutumia maiki za umeme kulikuwa kumeanza mwaka 1925 tu. Desturi ya studio za zama hizo ilikuwa kuwapanga wanamuziki mbele ya maiki moja: mwenye sauti ndogo akakaa karibu, mwenye chombo kikali akarudi nyuma. Kusogea kwa kiti ndiko kulikokuwa kupandisha na kushusha sauti.

Huko Marekani, katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry cha mjini Nashville, kilichoanza mwaka huo huo wa 1925, bendi za muziki wa mashambani zilizunguka maiki moja. Zamu ya mpiga fidla ilipofika alipiga hatua mbele, akamaliza, akampisha mwenzake. Katika miaka ya 1990, wakati bendi nyingi zilikuwa zimezoea kila mtu kuwa na maiki yake, bendi ya Del McCoury iliurudia mtindo huo wa kale na ikasifiwa kwa hilo.

Karibu zaidi na kwetu, Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki na Kati akirekodi nyimbo vijijini, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika. Alijulikana kwa kushika maiki mkononi na kuisogeza kuelekea kwenye sauti iliyokuwa muhimu kwa wakati ule: sasa kwa mwimbaji, sasa kwa vidole vya mpigaji, sasa kwa waitikiaji.

Katika mifano yote mitatu, anayeamua nani asikike ni masikio ya watu walio kwenye muziki wenyewe, si kitufe kilicho mbali mwishoni mwa ukumbi. Mpiga rababa aliyefundwa na baba yake anajua lini ashushe nyuzi ili neno lipite. Tukimpa nafasi, yeye ndiye fundi mitambo wa kwanza.

Jinsi ya kuiweka

Rababa, ambayo Wanuer na Washilluk huiita thom au tom, ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo wa Kenya, litungu ya Wabukusu na endongo ya Waganda. Ina bakuli lililowambwa ngozi, mikono miwili na mti wa juu wa kufungia nyuzi. Sauti yake ni ndogo, na hutokea kwenye ngozi. Mdomo wa mwimbaji uko nusu mita hivi juu ya ngozi hiyo. Hapo ndipo penye kazi.

Kabla ya kuleta stendi, chuchumaa mbele ya mzee akiwa anapiga, uzibe sikio moja, na usogeze lile jingine polepole kati ya kifua chake na ala. Utafika mahali ambapo maneno na nyuzi vinalingana. Hapo ndipo pa maiki. Kwa wapigaji niliowahi kuwasaidia, mahali hapo huwa usawa wa kifua, sentimita 30 hadi 40 mbele yake. Sauti ikiizidi ala, shusha maiki kidogo na uielekeze kwenye ngozi. Ala ikizidi, ipandishe.

Mzee asilazimishwe kusimama. Anayepiga ameketi kwenye kigoda amepiga hivyo maisha yake yote; ukimsimamisha umemnyang'anya nusu ya ujuzi wake. Kama huna stendi fupi, jaza mchanga kwenye kopo la rangi, simika fimbo, funga maiki kwa mpira wa baiskeli. Stendi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo, na ilinidumu miaka miwili.

Kama unazo maiki mbili na unaona lazima uzitumie, moja iwe ya mdomo na nyingine ya ngozi, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye ngozi na si katikati kabisa. Mafundi wana kanuni ya tatu kwa moja: umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na kile inachokisikiliza. Kwa mtu mmoja aliyeketi, kanuni hiyo ni ngumu kuitimiza kama maiki hazisogezwi karibu sana, na hiyo ni sababu nyingine ya kubaki na moja. Vile vidude vya kubandika kwenye ngozi hunasa mtikisiko na havipigi mluzi upesi, lakini aghalabu huifanya rababa isikike kama mbu.

Ala nyingine zina tabia zake. Kundi, kile kinubi cha Wazande wa Yambio na Tambura, ni cha sauti ya upole, na kinafaa maiki kama rababa. Adungu ndogo ya Waacholi vilevile, lakini adungu kubwa ya besi hujitosheleza. Marimba ya Wazande inayolazwa juu ya vigogo vya migomba haina haja ya maiki kabisa katika uwanja wa shule.

Na ngoma? Ngoma iachwe. Ngoma ilitengenezwa isafiri yenyewe kutoka kijiji hadi kijiji. Ukiiwekea maiki uwanjani umemfunika kila mwimbaji. Iweke mita 3 hadi 5 nyuma ya maiki, upande ule ambao maiki haisikii vizuri, na itakuwepo kwa kiasi chake.

Baada ya hapo, spika. Ziwe mbele ya maiki, mita 2 au 3 kuelekea kwa watu, wala zisiwe nyuma ya mwimbaji. Ziinuliwe juu ya vichwa, hata kama ni juu ya meza mbili zilizopandishana na kufungwa vizuri kwa kamba. Spika iliyo chini huwapigia kelele watu wa mstari wa kwanza na kuwanyima wa nyuma. Punguza besi, zima mwangwi wa mitambo, acha sauti za kati zipite, kwa maana humo ndimo maneno yalimo.

Halafu, kabla watu hawajafika, pandisha sauti taratibu mpaka uanze kusikia dalili ya mluzi, kisha ushushe kidogo na uache hapo. Tia alama kwa kalamu. Mtu yeyote asivuke alama hiyo, hata akiwa mgeni rasmi.

Duara lisivunjwe

Yote hayo yanamhusu mtu mmoja aliyeketi. Lakini nyimbo zetu nyingi huimbwa na watu waliosimama katika duara: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, wanawake wanapiga vigelegele, na mwongozaji hatulii mahali pamoja. Atazame mtu yeyote Wamundari wanapoingia uwanjani siku ya mieleka na ngoma zao. Hakuna aliye mtazamaji tu.

Kosa tunalolifanya mjini ni kulinyoosha duara hilo. Tunawapandisha watu jukwaani, tunawapanga mstari mmoja wakiwatazama wageni, kwa sababu maiki ziko mstari mmoja. Waitikiaji hawaoni tena midomo ya mwongozaji. Wanachelewa kuitikia. Wimbo unapooza, na watu wanasema nyimbo za asili zimepitwa na wakati. Kumbe tumelivunja duara ili maiki ipate raha.

Dawa yake ni ile ya Tracey. Chagua kijana mmoja mwenye masikio mazuri, ikiwezekana anayejua lugha ya wimbo. Mpe maiki yenye waya mrefu, aifunge kwenye ncha ya fimbo ya mita moja na nusu, aingie ndani ya duara na amfuate mwongozaji kwa heshima, hatua moja nyuma, maiki ikiwa kiasi cha mkono mmoja kutoka mdomoni. Waitikiaji wasipewe maiki. Wao ni wengi na wanatosha. Spika ziwe nje ya duara, zikiwatazama watu walio mbali.

Kijana huyo atajifunza wimbo kuliko mwanafunzi yeyote darasani. Ili aipeleke maiki mahali panapostahili, lazima ajue neno gani linakuja. Nimewaona wawili waliobeba fimbo hiyo msimu mmoja tu, na msimu uliofuata wakawa wanaongoza wimbo wenyewe.

Jenereta, betri na mabati

Hapa Juba kuna adui mwingine asiyetajwa katika vitabu vya mafundi wa Ulaya: jenereta. Jenereta ya petroli ikiwekwa mita tano kutoka kwenye rababa, unakuza ngurumo ya jenereta na kuiongezea wimbo kidogo. Iwe mbali kadiri waya unavyoruhusu, nyuma ya jengo au ukuta, na upande wa nyuma wa maiki.

Bora zaidi ni kuikwepa. Zile spika za betri ambazo wahubiri huzitumia njiani zinatosha kabisa kwa watu mia moja chini ya mwembe. Betri ya gari ya volti 12 na ampilifaya ndogo ya wati 40 zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Watu huulizana spika ina wati ngapi kana kwamba wananunua trekta. Mzee mmoja na rababa yake hawahitaji wati elfu mbili.

Chagua maiki ya kawaida isiyohitaji umeme wake yenyewe. Zile za studio zinazotaka volti 48 kutoka kwenye mitambo hunasa kila kitu, pamoja na upepo, pikipiki na mazungumzo ya jikoni. Kwa upepo, vika maiki sponji. Ukikosa, soksi safi nyembamba hufaa.

Na ukiweza, toka nje. Kumbi zetu nyingi ni za mabati na kuta tupu. Sauti hugonga huku na kurudi, na mvua ikinyesha kazi imekwisha. Chini ya mti hakuna ukuta wa kuirudisha sauti, kwa hiyo mluzi hupungua na maneno husikika safi. Wazee hawakuuchagua mti kwa ajili ya kivuli peke yake.

Muulize mwenye wimbo

Jambo la mwisho halihusu waya. Kabla ya kumwekea mtu maiki, muulize. Muulize anaimba nini, wapi neno lisipotee, na kama wimbo huo ni wa kusikiwa na kila mtu. Ziko nyimbo za ndani ya ukoo, ziko zinazotaja watu walio hai, na katika nchi iliyopita tulikopita, neno moja likivuka ua laweza kuwasha moto. Kukuza sauti ni kuipeleka mahali ambapo isingefika, na mwenye sauti ana haki ya kujua inakwenda wapi.

Akikubali, weka simu inayorekodi kwenye kiti mita mbili mbele yake, mbali na spika. Andika jina lake, mahali, tarehe na wimbo unahusu nini. Kazi hiyo haina gharama. Ametuachia kitu kabla hajaondoka.

Mimi nilimrudia mzee wangu baada ya mwaka mzima. Nilimweleza nilichojifunza, nikamwonyesha kopo langu la mchanga. Alicheka sana, kisha akakubali, kwa sharti kwamba iwe shuleni, chini ya mti, na watoto wakae chini karibu naye. "Wakikaa karibu," alisema, "mashine yako itakuwa na kazi ndogo."

Tuliweka maiki moja usawa wa kifua chake na spika moja ya betri juu ya meza, kwa ajili ya wazazi waliosimama nyuma. Sikuigusa tena. Alipofika katikati ya wimbo kuna mahali anapomtania shemeji yake aliyekimbia na kumwacha ng'ombe wa watu. Watoto wa mbele wanaojua lugha walicheka. Nami nikageuka kutazama nyuma. Mama mmoja aliyesimama kwenye ua, mita thelathini hivi kutoka pale, alicheka wakati ule ule.

Tangu siku hiyo sina kipimo kingine cha mitambo. Kama kicheko cha nyuma kimekuja pamoja na kicheko cha mbele, vyombo vimefanya kazi. Kama watu wa nyuma wanauliza "amesema nini?", hata spika ziwe kubwa kama nyumba, tumeshindwa.

Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, limejijengea jina kwa kusisitiza kwamba muziki upigwe papo kwa papo, si kuchezwa kutoka kwenye rekodi. Nasi hapa Juba tunaweza kuanza na hatua ndogo zaidi. Kila shule iwe na maiki moja nzuri, waya mrefu na spika moja ya betri, na mwalimu mmoja afundishwe pa kuziweka. Makanisa mengi tayari yana vifaa hivyo; viazimwe siku za katikati ya wiki. Wenye kumbi, nao, wawape wazee wa ala dakika kumi za kujaribu vyombo kabla ya hafla, kama wanavyowapa wanamuziki wa kisasa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye hafla zetu maiki ndiyo mgeni. Ikae panapompa mwenyeji nafuu, na kama hapo hapapatikani, izimwe, watu wasogee karibu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule mjini Juba.